Ufa Unaorudi: Kutafuta Chanzo cha Matatizo kwenye Udongo Mweusi wa Nairobi

"Fundi, ufa huu nimeuziba mara tatu, na kila mwaka unanirudia." Ndivyo alivyoniambia mama mmoja wa mtaa wa Utawala, Nairobi, mwezi wa Februari, tukiwa tumesimama chini ya dirisha la chumba chake cha kulala. Ufa ulianzia kwenye pembe ya dirisha ukashuka kwa mshazari hadi karibu na sakafu, na sehemu ya juu ilipitisha sarafu ya shilingi ishirini. Alikuwa ametii methali tuliyofunzwa sote, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwenye udongo mweusi wa pamba, ule unaovimba ukilowa na kujikunja ukikauka, anayeziba ufa kabla ya kujua ni maji gani yaliyoufungua ataziba, na ukuta bado ataujenga.

Ninawaandikia watu wa Embakasi, Utawala, Ruai na Njiru, na pia waliovuka mpaka wa kaunti hadi Syokimau, Mlolongo na Kitengela. Dalili zenu huonekana ni za namna nyingi: ukuta uliopasuka, mlango unaokwama, choo kinachojaa, sukuma wiki iliyogeuka manjano. Mimi kila ninapoitwa hubeba swali moja tu: unyevu unabadilika wapi? Udongo huu ukiachiwa unyevu ule ule mwaka mzima hutulia. Husumbua pale upande mmoja wa nyumba unapokunywa na upande wa pili una kiu.

Kwanza hakikisha ndio wenyewe

Si Nairobi yote yenye udongo huu. Magharibi, kuelekea Kabete na Kikuyu, ardhi ina miteremko na udongo ni mwekundu. Mvua ikinyesha maji hupenya na kwenda zake. Ukishuka mashariki na kusini, kutoka miinuko inayozidi mita 2,000 hadi uwanda wa Athi ulio kwenye mita 1,500 na kitu, ardhi inalala na udongo unageuka mweusi. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani kule Tanganyika, aliuona mpangilio huu kwenye miteremko ya Afrika Mashariki, na mwaka 1935 akaupa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo: wekundu juu, mweusi chini, pete baada ya pete. Juu mvua huosha madini ya silika, kalsiamu na magnesi, na chuma kinachobaki huupa udongo wekundu wake. Chini, maji hayana pa kutokea, madini hayo hukaa pamoja, na humo ndimo unamozaliwa mfinyanzi unaovimba. Kwetu mwamba wa fonolaiti ulio chini ya uwanda huzidi kuyazuia maji yasishuke. Ndugu zetu wa Tanzania huuita udongo wa mbuga, na jina hilo linaeleza mahali pake vizuri kuliko letu la pamba. Kumbukeni pia kwamba reli ilipofika hapa mwaka 1899, kambi ilipigwa kwenye tambarare yenye kinamasi, na jina Enkare Nairobi la Wamaasai ni la maji baridi. Maji yamekuwa yakituama hapa tangu kale.

Kwa hiyo anza kwa kutazama. Kabla ya kununua ploti, tembea eneo hilo mwishoni mwa Februari. Ukiona nyufa ardhini zinazomeza fimbo, nguzo za uzio zilizoinamia kila upande, au migunga mifupi yenye vinundu vyeusi vinavyokaliwa na sisimizi, kama ile iliyojaa kwenye tambarare za Mbuga ya Taifa ya Nairobi, basi unajua ulipo. Hata kwenye mitaa ya udongo mwekundu, ukishuka chini bondeni waweza kukutana nao.

Kisha pima. Chukua bonge kavu, lisage, lichekeche kwa kichungio cha chai. Tafuta gilasi mbili za kioo zilizonyooka, weka kiasi sawa cha unga huo katika kila moja. Moja jaza maji, nyingine mafuta ya taa. Koroga zote mbili, ziache hadi kesho yake. Mafuta ya taa hayaingii katikati ya chembe za mfinyanzi, kwa hiyo gilasi hiyo inakuonyesha udongo usiovimba. Ikiwa udongo uliotuama kwenye maji umepanda mara moja na nusu ya ule wa kwenye mafuta, au zaidi, shughulikia ploti yako kama yenye hatari kubwa. Maabara hutumia njia hii hii, gramu 10 za udongo na silinda za mililita 100, na mimi huwashauri wote wanaotaka kujenga wapeleke sampuli maabara. Gilasi za jikoni ni za kukuamsha tu.

Udongo huu na hesabu ya maji

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu asiyeelewa hesabu hii atanunua dawa isiyo yake.

Mfinyanzi wa udongo huu ni wa jamii ya smektaiti, na ndugu yake maarufu ni montimorilonaiti, madini yaliyopewa jina la mji wa Montmorillon nchini Ufaransa. Chembe zake ni kama kurasa za kitabu, na maji huingia katikati ya kurasa. Gramu moja ya montimorilonaiti safi, ungeweza kuzifungua kurasa zake zote na kuzitandaza, ingefunika mita za mraba zipatazo 700. Ploti ya futi hamsini kwa mia ni mita za mraba 465. Kijiko cha chai cha mfinyanzi huo kina uso mkubwa kuliko ardhi yote uliyoinunua! Mfinyanzi wa udongo mwekundu hauna kurasa za namna hiyo, na ndiyo maana nyumba ya Kabete haijui shida ya nyumba ya Ruai.

Sasa fuatisha mwaka wetu. Januari na Februari jua ni kali, maji yanatoka kwenye kurasa, udongo unajikunja na kupasuka. Nyufa zenyewe huzidisha ukavu, maana hewa hushuka ndani na kunyonya unyevu wa chini. Mvua za kwanza za masika, mwezi wa Machi, hazikai juu. Hukimbia ndani ya nyufa hadi kina cha mita au zaidi. Hapo mtu hudhani udongo wake unapitisha maji vizuri. Baada ya siku kadhaa udongo unavimba, nyufa zinafumba, na mlango unafungwa: kuanzia hapo kinachopenya chini kwa saa ni kidogo mno, wakati mwingine hakifiki hata milimita moja. Mvua inayofuata inabaki juu. Juni hadi Septemba ni baridi na mawingu, udongo unakauka polepole, kisha vuli ya Oktoba hadi Desemba inarudia mchezo ule ule. Nyumba yako inapandishwa na kushushwa mara mbili kwa mwaka.

Jambo la mwisho la hesabu hii: udongo ulio chini ya sakafu haunyeshewi wala hauanikwi. Unyevu unaopanda kutoka chini hukwama hapo, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo sababu katikati ya nyumba huweza kuvimba taratibu huku kingo zikipanda na kushuka kwa msimu.

Nyufa za ukutani

Usianze na plasta. Anza na penseli. Chora kistari kila upande wa ufa, pima umbali wa vistari hivyo kwa rula, andika tarehe ukutani pale pale. Rudia kila mwezi. Mwaka mzima ndio kipimo kizuri. Miezi mitatu bila kugusa masika au kiangazi haikuambii kitu.

Ufa wa mshazari ulio mpana juu na mwembamba chini, unaopanuka Februari na kubana Mei, unasema kwamba kona ya nyumba inashuka wakati wa kiangazi. Udongo wa nje umekauka, wa ndani bado una unyevu. Tafuta kinachoukausha. Mara nyingi ni mti, na mkaratusi ndio mwenye kiu kuliko wote. Mimi husema mti ukae mbali na ukuta angalau kwa urefu wake wenyewe. Lakini usikimbilie shoka. Mti uliokuwapo kabla ya nyumba kujengwa umeuzoesha udongo ukavu, na ukiukata, udongo utaanza kunywa tena na kuinua msingi kwa miaka kadhaa. Mti uliopandwa baada ya nyumba hauna hatari hiyo.

Ufa mpana chini na mwembamba juu husema kinyume chake: kingo zimeinuka. Hapo tafuta maji yanayoingia kandokando ya msingi. Mfereji wa paa uliovunjika, maji ya kufulia yanayomwagwa pale pale kila siku, bustani ya maua inayonyweshwa ikiwa imeegemea ukuta. Nimeona nyumba nzuri ikiharibiwa na upendo wa maua.

Ufa wa kona moja tu, usiojali msimu, na ardhi ya hapo ni laini hata kiangazi, ni bomba. Usibishane, pima: usiku funga mifereji yote ya kuchotea maji na valvu ya tanki, andika namba za mita ya maji, asubuhi zisome tena kabla ya mtu yeyote kunawa. Zikiwa zimesogea, kuna maji yanatoka chini ya ardhi. Bomba la maji taka halina mita, kwa hilo itabidi kufukua kwenye viungio. Mabomba magumu ya plastiki hukatika hapa kwa sababu udongo unasogea na bomba halisogei; ukitengeneza upya, tumia viungio vinavyopinda, ulaze bomba kwenye mchanga, na upanue tundu linapopita kwenye msingi.

Kuna nyufa zisizohusu udongo kabisa, na ni haki kuzitaja. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui kwenye plasta mpya hutokana na plasta iliyokauka haraka bila kumwagiliwa. Ufa wa kulala unaofuata mahali paa linapokalia ukuta mara nyingi ni joto. Ufa kati ya nyumba na veranda iliyoongezwa baadaye huonyesha misingi miwili ya kina tofauti. Hapo pasizibwe kwa saruji, paachwe kiungio chenye nafasi.

Tiba ya jumla kwa kingo zinazopanda na kushuka ni kuunyima udongo wa karibu na ukuta mabadiliko. Zungusha nyumba kwa sakafu ya zege ya nje yenye upana wa mita moja na nusu, iteremke kutoka ukutani angalau sentimita 2 kwa kila mita, na kiungio chake na ukuta kijazwe kitu cha kunyumbuka. Mahali pabaya zaidi, chimba mtaro mwembamba wa kina cha mita moja kwenye ukingo wa nje wa sakafu hiyo, utandike plastiki nene wima, ufukie. Ufa ukipita milimita 5, au ukiona mlango na dirisha vimekataa kwa wakati mmoja, acha kusoma na umwite mhandisi wa miundo aliyesajiliwa.

Sakafu iliyoinuka katikati

Ukiweka gololi katikati ya sebule ikabingirika kuelekea ukutani, na milango ya ndani inakwaruza juu, udongo mweusi umeachwa chini ya sakafu. Mara nyingi tabaka lake kwetu ni la mita moja hadi mbili, kisha sururu inagonga maramu, ule udongo mgumu wa changarawe, au mwamba, ila bila kuchimba hujui. Mkandarasi anayetaka kuokoa siku mbili huuondoa kwenye mitaro ya msingi peke yake, kisha anajaza vyumba kwa udongo ule ule uliochimbuliwa na kutandika mawe juu. Sina dawa ya bei rahisi. Vunja sakafu, uondoe wote, ujaze maramu yaliyoshindiliwa kwa matabaka. Chokaa huchanganywa na udongo huu kwenye barabara na hupunguza uvimbaji kweli, lakini chini ya sebule iliyokwisha kujengwa huwezi kuichanganya ipasavyo.

Kama bado hujajenga, simama mwenyewe shimoni siku vibarua wanapochimba. Usikubali kuambiwa "tumefika" kabla hujaona rangi ikibadilika.

Choo kinachojaa masika

Tanki la maji taka linalofanya kazi Februari na kufurika Mei halina ubovu. Shimo la kufyonzea ndilo lililofungwa na udongo uliovimba. Na hapa kuna kosa linalowagharimu watu pesa nyingi: kipimo cha upenyaji kilichofanywa kiangazi. Ukimwaga maji kwenye shimo la majaribio mwezi wa Februari, yatapotea upesi kupitia nyufa, na fundi atakuambia ardhi inafyonza vizuri. Kipimo hicho ni cha nyufa. Jaza shimo maji, liache lilowe usiku kucha, likikauka ujaze tena, na upime asubuhi inayofuata maji yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Yakiwa hayashuki, shimo la pili la aina ile ile litakuwa tanki la pili tu.

Biodaijesta husaidia kuozesha uchafu, haipunguzi maji. Nyumba inayotumia lita 500 kwa siku itatoa karibu lita 500, uwe umeweka chombo gani. Kilichobaki ni kuyapunguza maji yanayoingia, kuhakikisha maji ya mvua hayapiti kwenye mfumo huo, na kuyapeleka yaliyosafishwa kwenye kitanda kilichoinuliwa cha changarawe na mchanga chenye mimea inayokunywa sana, ili yatoke kwa kupaa hewani badala ya kushuka ardhini. Wako wanaotoboa mwamba ili maji taka yateremke kwenye mipasuko yake. Nawasihi msifanye hivyo. Visima vya majirani hunywa humo.

Maji yanayotuama uani

Mvua ya milimita 20 kwenye ploti ya hamsini kwa mia ni lita 9,300. Kwenye udongo uliokwisha kuvimba hazina pa kushuka, kwa hiyo kuchimba shimo katikati ya ua ni kujitengenezea bwawa la mbu. Inua ua kwa maramu, uupe mteremko hadi mtaro wa barabarani, na umwone jirani kabla hujaanza, kwa sababu maji unayoyasukuma yasipopata mtaro yatalala kwake. Paa la mita za mraba 100 peke yake hushusha karibu lita 2,000 katika mvua hiyo moja. Kuyaweka kwenye tanki ni akiba ya maji na ni ulinzi wa msingi kwa wakati mmoja. Mafuriko ya Aprili 2024 yalituonyesha sote kinachotokea mitaro ikizibwa na kila mtu akiinua ploti yake kivyake.

Bustani

Sukuma wiki ikigeuka manjano wiki moja baada ya mvua kubwa, mizizi haipumui, na nitrojeni ya udongo inapotea hewani kwa kukosa oksijeni. Mbolea juu ya matope haitasaidia. Inua matuta ya sentimita 20 hadi 30, mitaro katikati, ndipo uweke samadi. Ikinyauka huku udongo ukionekana bado na unyevu, maji yapo lakini kurasa zimeyashika kwa nguvu kuliko mizizi inavyoweza kuvuta; mwagilia kidogo kidogo, mara kwa mara, na funika kwa nyasi kavu kabla ya nyufa kufunguka, kwa maana zikifunguka hukata mizizi myembamba.

Usinunue mchanga wa "kulainisha". Tabaka la sentimita 10 tu kwenye ploti nzima ni zaidi ya mita za ujazo 46, malori kadhaa, na mfinyanzi utazimeza punje zote. Badala yake jifunze siku ya kulima: finyanga donge, likibandika mkononi ngoja, likigoma kufinyangika umechelewa. Katikati kuna siku chache tu. Wakulima wa mpunga wa Mwea wamepata neema kwenye udongo wa namna hii kwa sababu mpunga unataka maji yakae pale pale.

Ufa wa Utawala

Nirudi kwa yule mama. Mita yake ya maji haikusogea usiku kucha. Nje ya kona ile tulikuta mambo mawili: mfereji wa paa ulikuwa umekatika na kumwaga maji yote ya upande huo mahali pamoja, na ng'ambo ya uzio, mita nne tu, jirani alikuwa na mkaratusi aliopanda miaka miwili baada ya nyumba kusimama. Kona hiyo ilikuwa inalewa masika na kukaushwa kuliko nyingine zote kiangazi. Jirani ni mzee muungwana. Alipoonyeshwa ufa alikubali mti ukatwe, akalipwa kwa miche ya maparachichi ya kupanda upande wa pili wa boma lake. Tukaunganisha mfereji hadi kwenye tanki, tukamwaga sakafu ya nje, tukachora vistari vya penseli na tarehe.

Masika yalipita, baridi ikapita, vuli ikapita. Februari iliyofuata alinipigia simu na kunisomea vipimo vya mwaka mzima. Ufa ulikuwa umebana kidogo mwezi wa Mei, kisha ukakaa hapo hapo, mwezi baada ya mwezi. Wiki hiyo ndipo tulipochanganya plasta.